Kidonda Kilichosafishwa Kila Asubuhi

Habari za dhahabu zilipozagaa upande wetu wa Kemambo, darasa langu la biolojia lilianza kupungua kuanzia safu ya nyuma. Waliondoka kwanza wavulana wakubwa, wale ambao magoti yao hayakuenea chini ya dawati. Kisha wakafuata wengine, na wasichana kadhaa wakaenda kuuza chai na maandazi karibu na mashine za kusaga mawe, zile tunazoziita karasha. Mkuu wa shule akaacha kuita majina asubuhi. Mimi niliendelea kufundisha habari za seli mbele ya madawati matupu, kwa Kiingereza kama mtaala ulivyotaka, na vumbi jeupe la mawe likaingia dirishani na kutua mezani mpaka sikujua lipi ni la karasha na lipi ni la chaki yangu.

Mimi ni mtoto wa fundi cherehani wa Mugumu. Nilikulia nyumba yenye kelele: baba na baba wadogo kwenye mashine, wateja barazani, watoto chini ya meza wakiokota vipande vya vitambaa. Sikuwahi kulala chumba cha peke yangu mpaka nilipoajiriwa. Pale Kemambo nilipanga chumba kimoja kwenye nyumba ndefu ya matofali mabichi, na majirani zangu wote walikuwa wachimbaji waliotoka kabla ya jua na kurudi wamechoka mno hata kusema neno. Kikurya nilikielewa nusu, na nusu hiyo ilitosha tu kujua pale ninaposemwa. Ramadhani ya kwanza nilifuturu peke yangu, tende tatu na uji, nikisikiliza redio ya chumba cha pili kupitia ukuta.

Redio ile ilikuwa ya mzee mmoja. Namwita mzee, ingawa nywele zake zilikuwa bado nyeusi. Machimboni mtu huzeeka kwa kazi. Alitoka Nyansurura, ng'ambo ya Mto Mara, na alikuwa hajarudi huko kwa miaka. Kazi yake ilikuwa matimba. Duara la mchimbaji, yaani shimo lenyewe la kwenda chini, halisimami bila magogo yanayobana kuta zake. Magogo hayo ndiyo matimba, na yeye ndiye aliyeyapanga, akayagonga, akayasikiliza. Vijana hawakushuka mpaka yeye aseme ndiyo.

Tulifahamiana kwa sababu ya chumvi. Alibisha hodi jioni moja ameshika kikombe cha bati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwalimu, niwekee chumvi humo. Dukani wamefunga."

Nikamwekea. Kesho yake akaja tena. Siku ya tatu nilimuuliza kwa utani kama amefungua mgahawa.

"Ningefungua mgahawa ningekuita mwalimu uje ule, maana naona unapika sufuria ya ukubwa wa kikombe," alisema. Kisha akacheka, akapandisha suruali yake ya mguu wa kushoto.

Gogo lilikuwa limemwangukia kwenye mfupa wa ugoko miezi kadhaa nyuma. Kidonda kilikuwa na upana wa kiganja changu, chekundu, kinang'aa, kingo zake zimesimama kama ukingo wa bakuli. Hakikunuka. Ndilo jambo lililonishangaza: kilikuwa kisafi, na bado hakikufunga. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwambia waziwazi kwamba mvua zikiisha kabla hajaona ngozi mpya, atampeleka hospitali ya wilaya Tarime, na huko wakikuta mfupa umeingiliwa, mguu unaweza kukatwa. Mzee aliniambia hayo huku akitazama mlangoni, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mahindi.

"Na mtu wa mguu mmoja hashuki duarani," alimalizia. "Wala harudi kwao."

"Kwao anarudi tu, mzee."

"Wewe ni wa mjini. Mimi niliondoka natembea."

Asubuhi iliyofuata niliona anachofanya na chumvi yangu. Alikaa kwenye kigoda nje ya mlango wake, beseni la maji ya moto mbele yake, chumvi ndani yake ya kutosha kukausha nyama. Alichovya kitambaa, akakikamua, akaanza kukisugua kidonda kutoka kingoni kwenda katikati, pole pole na kwa nguvu, mpaka damu ikachuruzika. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Wakurya wanaume hufundishwa hivyo tangu wanapotahiriwa mbele ya watu: kope isicheze. Mpita njia angedhani anaosha viazi.

Nikamuuliza kwa nini anasugua hivyo. Alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi asiyejua kwamba samaki hupumua.

"Asubuhi ukishuka duarani unafanya nini kwanza? Unaosha uso wa mwamba. Unautoa tope lote la usiku, mpaka uone mkanda wa dhahabu umeelekea wapi. Usipoosha, unachimba gizani. Muuguzi amenifunga kitambaa, amesema kikae siku mbili bila kufunguliwa. Siku mbili! Mimi nitajuaje ndani kuna nini?"

Wengi pale walifanya vivyo hivyo, baadaye niligundua. Kidonda walikisoma kama wanavyosoma jiwe: chekundu na kigumu ndiyo uzima, na chochote chepesi kinachotanda juu ni tope la kutolewa. Niliinama nikaangalia kitambaa chake. Juu yake, pamoja na damu, palikuwa na kitu kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, rangi ya waridi iliyopauka, nyepesi kiasi cha kuona nyuzi za kitambaa kupitia humo.

"Mzee," nilisema, "hii uliyoitoa ndiyo ngozi."

"Huu uchafu?"

"Ndiyo ngozi yenyewe. Imeanza leo, na wewe leo umeing'oa."

Hakuniamini. Lakini jioni alirudi, bila kikombe safari hii, akakaa kizingitini mwa mlango wangu na kusema, "Haya, mwalimu. Fundisha." Nafikiri alikuja kwa sababu redio yake ilikuwa imeishiwa betri. Mimi ningemfundisha hata kama angekuja kwa sababu ya mvua.

Kueleza kwa Kiswahili jambo ulilosomea kwa Kiingereza ni kazi nzuri sana kwa mwalimu, kwa sababu unagundua upesi ni kipi ulikielewa na kipi ulikariri tu. Nilianza na seli. Nikamwambia mwili wake ni vyumba vidogo visivyohesabika, kila kimoja kimezungushiwa utando mwembamba kuliko chochote alichowahi kukishika. Nje ya utando kuna maji yenye chumvichumvi, ya sodiamu. Ndani kuna maji yenye chumvi nyingine, ya potasiamu. Utando unavuja. Sodiamu kila wakati inapenyeza kuingia, na inapoingia, maji huifuata.

"Kama duara," alisema.

"Kama duara wakati wa masika."

"Basi litajaa."

"Ndiyo maana pana pampu." Nikamweleza kwamba ndani ya utando wenyewe zimepachikwa pampu ndogo, na kila pampu inatupa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili, bila kupumzika, ukiwa umelala au umeamka. Sehemu kubwa ya nguvu ya chakula tunachokula, hata tukiwa tumetulia tu, inakwenda kuendesha pampu hizo. Zikisimama, seli inavimba na kupasuka.

Hilo alilielewa kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha, maana alikuwa ameshinda miaka akisikiliza injini ya kunyonya maji juu ya kichwa chake, na alijua ukimya wake una maana gani. Akaniuliza mafuta ya pampu hizo yanatoka wapi, nikamwambia ugali. Akacheka mpaka mama mwenye nyumba akachungulia.

"Sasa chumvi yako ya beseni," nilisema. "Hiyo ni nyingi mno. Nje ya seli pakiwa na chumvi kali kiasi hicho, maji yanatoka ndani kukimbilia nje. Seli inasinyaa kama dagaa juani. Pampu haiwezi kitu."

"Kwa hiyo nilikuwa nazikausha."

"Unazikausha, halafu unazing'oa."

Akasema neno kwa Kikurya, akijiambia mwenyewe, na nusu yangu ya Kikurya haikulifikia.

Jioni zikawa hivyo. Alikuja baada ya mimi kuswali magharibi, akakaa palepale kizingitini na mguu umenyooshwa, mlango wazi na majirani wakipita. Nilimweleza kwamba ngozi nzima inasukuma sodiamu kwenda ndani, na kwa sababu hiyo upande wa ndani na wa nje hutofautiana kidogo kwa umeme, kama ncha mbili za betri. Ngozi ikikatika, umeme ule unavuja pale penye jeraha, na seli za kingoni zinauhisi. Ndizo zinazojua kwa umeme huo katikati ni wapi, nazo zinaanza kutambaa kuelekea huko.

"Mimi nina umeme?"

"Unao."

"Basi niunganishie redio."

Sehemu ngumu kueleza ilikuwa jinsi seli inavyoshika. Seli haitambai hewani. Ina mikono midogo inayotoka katika utando, na kwa mikono hiyo inashika kitanda cha nyuzi kilicho chini yake, inajivuta, inaachia ya nyuma, inashika mbele. Lakini mikono hiyo haishiki tu. Inaleta habari pia. Kila inaposhika, ujumbe unapita kwenye utando kuingia ndani: pako imara hapa, endelea kuishi, tambaa, gawanyika. Nilihangaika kutafuta mfano, na ni yeye aliyenipa bila kujua, kwa sababu alianza kunieleza kazi yake. Alisema timba jinga linabana ukuta tu. Timba zuri linabana na linasema. Ardhi ikisogea hata unene wa kucha, gogo linalia, na mwenye masikio anapandisha watu juu.

"Ndiyo hiyo," nilisema. "Ndiyo hiyo kabisa, mzee. Mikono ya seli ni matimba yanayosema."

Alifurahi. Kisha akauliza swali ambalo chuoni hakuna aliyeliuliza, hata mimi. "Na ile ninayoing'oa kwa kitambaa, ikiwa haina tena cha kushika, inakwenda wapi?"

Nikamwambia ukweli. Haiendi popote. Seli ya aina hiyo ikikosa kitu cha kushika, hata kama ni nzima, hata kama chakula kipo na pampu zinafanya kazi, zile habari zinakatika. Ikikaa muda bila kuambiwa chochote, inaanza kujimaliza yenyewe. Utando wake unatoa vijipovu, unakatikakatika, na jirani zake wanayala mabaki.

"Haikuumizwa na mtu?"

"Hapana."

"Haikuambiwa kitu tu."

"Ndiyo."

Alitazama upande wa njia. Vijana wawili walikuwa wanapita na mifuko ya mawe begani. Mimi sipendi kugeuza seli kuwa watu. Wanafunzi nikiwakuta wanafanya hivyo huwasahihisha. Seli haina upweke. Lakini jioni ile sikumsahihisha, na yeye aliaga mapema kuliko kawaida.

Kesho yake alirudi zahanati. Muuguzi akamfunga upya, na akarudia kwa subira yale yale aliyoyasema mwanzo: maji yaliyochemshwa, kijiko kidogo cha chumvi kwa lita, kitambaa kikae na unyevunyevu kisigande, na mikono mbali. Mzee alikubali. Tukaingia katika siku za kutokuona, na hizo zilimshinda kuliko maumivu.

Ndipo mvua kubwa zikaja. Maduara yakajaa, injini zikanguruma mchana kutwa, na ardhi ikaanza kusogea. Vijana wa duara lake wakaja kumchukua. Alikuwa kizingitini kwangu, kwa hiyo niliwasikia.

"Mzee, matimba yanalia kule chini. Shuka utuambie."

"Siwezi kuingiza mguu kwenye maji yale."

"Mguu gani? Huo uliofungwa kama mtoto mchanga?"

"Mwacheni, ameanza shule," mwingine akasema. "Mzee, umefika kidato cha ngapi?"

Wakacheka. Alicheka nao, kisha akawaambia cha kufanya: wapande wote, wasubiri maji yashuke, wagonge gogo la tatu kutoka juu na wasikilize kama linajibu kwa sauti nzito au nyembamba. Waliondoka wakiigiza sauti nzito na sauti nyembamba. Nadhani walimtii, kwa sababu siku ile hakuna aliyeumia. Lakini baada ya siku chache walimpata mtu mwingine wa matimba, kijana kutoka upande wa Sirari, na hawakuja tena.

Nilijua ilivyomkaa moyoni. Hakuja kizingitini siku hiyo wala iliyofuata. Siku ya tatu nilirudi kutoka shule mchana, baada ya kufundisha wanafunzi ambao wangeenea benchi moja, nikamkuta kwenye kigoda. Beseni lilikuwa mbele yake linatoa mvuke. Pakiti ya chumvi imepasuliwa. Alikuwa ameshafungua fundo la kitambaa, bado mizunguko tu.

"Mzee."

"Mvua zinaisha, mwalimu."

"Naona."

"Zikiisha nakwenda Tarime. Sijui humu kuna nini. Inaweza kuwa imeoza, mimi nakaa hapa nangoja kama ng'ombe. Asiyeuona uso wa mwamba anachimba nini?"

Nilikaa chini, kwenye udongo, na nguo zangu za kazini. Sikuwa na hakika ya chochote. Kidonda kinaweza kufunikwa vizuri na bado kikaharibika. Mwalimu wa biolojia si daktari, na mguu haukuwa wangu. Kama ningekosea, yeye ndiye angelala mezani kule hospitali. Nikamuuliza kitu kimoja nilichokuwa nacho.

"Ukiwa chini, huwa unang'oa timba kuona kama limeshika?"

Aliniangalia. "Mjinga gani atang'oa timba?"

"Basi unajuaje?"

"Nasikiliza."

"Haya. Mguu unasemaje?"

Alitaka kukasirika, nikaona. Halafu akatulia, mikono imeshika kitambaa, macho yameelekea mbali kama mtu anayesikiliza ukuta.

"Hauumi kama zamani," alisema. "Hauna joto. Unawasha. Unawasha pembeni, pande zote, mpaka usiku nataka kulia."

"Muuguzi alisema maumivu na joto na harufu ndiyo kengele ya kukimbilia kwake. Kuwasha, mara nyingi, ni ngozi iko kazini. Siwezi kukuahidi. Twende zahanati sasa hivi, akifungue yeye."

Tulikwenda. Kwa mguu wake ilikuwa safari ndefu, na tope lilikuwa jingi. Alikataa kushika bega langu, kisha penye mteremko akalishika. Muuguzi alikuwa anafunga mlango. Alitutazama, akaufungua tena. Alilowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, akangoja, akangoja zaidi, mpaka kikaachia chenyewe bila kuvutwa. Mzee alikuwa ametazama dari. Ndiyo mara pekee niliyoona kope yake ikicheza.

"Tazama," muuguzi alisema.

Ngozi ilikuwa imeingia kutoka kingo zote, nyembamba, rangi ya waridi, inang'aa kama ndani ya kombe la konokono. Katikati kilibaki kipande kirefu chekundu, upana wa vidole viwili. Muuguzi alibonyeza pembeni, akanusa, akabonyeza mfupa juu na chini.

"Tarime utakwenda kununua viatu," alisema.

Mzee aliinama juu ya mguu wake muda mrefu, akiangalia kile ambacho miezi yote alikuwa anakifuta.

Kilifunga kabisa mahindi yalipoanza kukauka. Jioni zile za mwisho alikuja kizingitini kama kawaida, lakini maswali yalikuwa yamepungua, na mara nyingine tulikaa tu. Nilianza kuzihesabu jioni hizo kichwani kabla hazijaisha. Duarani hawakumhitaji tena, na mguu sasa ulikuwa wa kutembelea. Hapakuwa na sababu ya kubaki.

Siku aliyoondoka nilimsindikiza mpaka penye njia ya kuelekea mtoni, redio yake begani na nguo kwenye mfuko wa salfeti. Aliniuliza njiani, bila kugeuka, "Zile za upande huu na za upande ule zilipokutana katikati, zilijuaje kwamba basi?"

"Zikigusana, utando unaipa habari seli. Ikishaguswa na wenzake pande zote, inaacha kutambaa. Inasimama, inashikana nao."

"Haiendelei kupanda juu ya wengine?"

"Seli yenye afya haifanyi hivyo."

Alitembea hatua kadhaa akilitafakari. "Nyumbani nikiwaeleza hawatakubali," alisema. "Watasema nimelogwa na mwalimu."

"Waonyeshe mguu."

"Nitawaonyesha." Kisha akasimama, akanipa mkono, akaushika kwa mikono miwili. "Rudi sasa. Huko mbele pana tope, na wewe umevaa viatu vya shule."

Nilirudi. Jua lilikuwa bado juu, na njia nzima nilikuwa nakutana na watu wasionijua, wote wakiharakia machimboni, nikawasalimu mmoja mmoja.